Mama Anasema Sumaku Imemrudishia Kumbukumbu, na Mimi Nimeficha Barua ya Daktari

Mpendwa mshauri,

Nakuomba unishike mkono kabla sijaharibu zaidi, maana nakuandikia mchana huu nikiwa nimejifungia kwenye chumba changu cha kushonea, na mama yangu yuko sebuleni, upande wa pili wa ukuta, ananichambulia vifungo huku anaimba, vyeupe kwenye kopo hili, vya bluu kwenye lile, na kila akipandisha sauti moyo wangu unashuka, kwa sababu furaha yake imesimama juu ya jambo ambalo si kweli na humu nyumbani wanaolijua ni mimi na mume wangu tu.

Mimi ni fundi cherehani, nashona sare za shule, nina miaka arobaini na sita, mume wangu anachomelea mageti na madirisha, na mama anaishi nasi tangu mwaka juzi. Ana miaka sabini na mbili. Alikuwa opereta wa simu katika hospitali kubwa kwa miaka thelathini na moja, enzi zile kila simu ya kuingia na kutoka ilipita kwa mtu mmoja aliyekaa mbele ya ubao wa matundu na waya, na waliofanya naye kazi wanasema hakuwahi kufungua kitabu cha namba, kwa sababu wodi zote na madaktari wote, hadi namba za majumbani kwao, alikuwa nazo kichwani. Sasa fikiria mtu wa namna hiyo anapoanza kusahau. Alianza kuuliza jambo moja mara tatu kabla chai haijapoa, akatoka kwenda dukani akarudi mikono mitupu akasema duka limehama, halafu siku moja akaacha jiko linawaka, sufuria ikaungua hadi mpini ukayeyuka, nami nikatoka mbio na tepu ya kupimia shingoni nikamwambia, mbele ya mteja, “Mama, kichwa chako kimekuwa chujio, utatuunguza wote humu ndani.” Aliichukua ile sufuria akaenda nyuma ya nyumba kuisugua, akasugua weee, wakati haikuwa tena sufuria ya kusuguliwa. Neno hilo mshauri sijawahi kulitubu, niliendelea kushona tu.

Nikampeleka hospitali. Daktari alimpima akasema bado anajimudu, si ule ugonjwa wenyewe wa kupoteza kumbukumbu, ni usahaulifu wa umri uliozidi kidogo, kisha akatuambia kuna utafiti unaendelea hapohapo kwa watu waliovuka miaka sitini na mitano, wa kutumia sumaku kuamsha sehemu ya ubongo inayohusika na kumbukumbu. Niliogopa, nikadhani ni shoti za umeme, lakini alitueleza kwamba hawatoboi wala hawachomi, unakaa kwenye kiti, kifaa kinawekwa juu ya kichwa, kinagonga ta-ta-ta kama mtu anayepiga taipu, basi. Waliuliza kama mama ana chuma chochote kichwani, kama amewahi kuanguka kifafa, kama ana kifaa moyoni. Na fomu ilieleza wazi kwamba washiriki watagawanywa makundi mawili, moja litapata sumaku kweli, jingine litakaa chini ya mashine inayolia na kugonga vilevile lakini haitoi sumaku, na hakuna atakayejua yuko upande gani mpaka utafiti uishe. Mama alivaa miwani, akaisoma fomu yote, akaweka sahihi.

Ikawa asubuhi kumi, Jumatatu hadi Ijumaa, wiki mbili. Nilifunga kazi nikawaambia wateja sare zitachelewa, na kwa kuwa mama hapendi kubanwa kwenye magari tulikuwa tunatembea, dakika arobaini kwenda, dakika arobaini kurudi, amenishika kiwiko. Njiani akawa ananisimulia kazi yake, vitu ambavyo sikuwahi kumuuliza, kama ile siku mvua ilipokata laini zote akavua vifaa vya masikioni akageuka simu yeye mwenyewe, anapanda na kushuka ngazi ghorofa tatu, “Wodi ya wazazi inaomba damu, chumba cha upasuaji kinamtaka daktari wa usingizi,” kutwa nzima, mpaka muuguzi mkuu akamletea beseni la maji ya vuguvugu aloweke miguu. Tukifika anakaa kwenye mashine, akitoka anapewa mtihani, anaonyeshwa sura za watu na neno moja kwa kila sura, baadaye anaonyeshwa sura peke yake aseme neno lilikuwa lipi.

Mshauri, akaanza kubadilika. Wiki ya tatu niko kwenye cherehani, simu ikalia, nikasikia, “Ni mimi. Niko hapa nje kwenye kiti. Nimekupigia kutoka kichwani, sikuangalia karatasi.” Nilisahau mguu kwenye kanyagio nikajikuta nimeshona kola kwenye mkono wa shati. Akawa anakumbuka dawa zake, akamkumbusha mume wangu ahadi ya bawaba ya mlango aliyoikwepa tangu mwaka jana, akarudi kwenye chama cha wastaafu alichokuwa amekiacha kwa aibu ya kusahau majina. Na kila anayemuuliza siri anamjibu, “Sumaku imenisafisha waya.”

Wiki tatu zilizopita ikaja barua. Barua zake huwa nazifungua mimi, ni mazoea tangu alipoanza kusahau. Inasema utafiti umekwisha, inamshukuru, inamjulisha kwamba alikuwa kwenye kundi la mashine isiyotoa sumaku, na kwamba wote wa kundi hilo wanakaribishwa kupata ile halisi wakipenda, wajibu kabla ya mwisho wa mwezi. Nikaisoma nimesimama mlangoni, kisha nikaikunja nikaitia chini ya boksi la zipu. Nilijiambia nitamwonyesha kesho, kesho ikawa kesho. Wiki iliyopita daktari akapiga simu kwangu kuuliza mbona hatujajibu, na mdomo wangu ukasema wenyewe, “Mama amesafiri, yuko kwa dada yangu.” Dada yangu anakaa mbali, mama alikuwa palepale sebuleni.

Mume wangu anasema niache, mtu ameshapona, kilichomponya kina kazi gani. Lakini Jumamosi ya wiki mbili zijazo chama cha wastaafu kimemwomba asimame awaeleze wenzake kuhusu sumaku, ameshanishonesha gauni la siku hiyo, ananipitishia hotuba kila asubuhi. Nikimwambia naogopa atarudi kuwa yule mama aliyekuwa anasugua sufuria, atajiona ni mjinga aliyeponywa na mchezo. Nisipomwambia atasimama mbele za watu aseme uongo bila kujua, na nafasi ya sumaku yenyewe itapita. Silali vizuri. Niambie nifanye nini.

Ni mimi,
Fundi wa Sare

*

Fundi wa Sare,

Anza kwa kufungua huo mlango uliojifungia, maana tatizo lako limo humohumo. Unamwogopea mama yako, unamlilia, unamshonea gauni, lakini kumuuliza yeye mwenyewe anataka nini hujawahi.

Ile barua iliandikwa jina la nani? Si lako. Mwanamke huyo alivaa miwani akasoma fomu nzima kabla ya kuweka sahihi, fomu iliyomwambia waziwazi kwamba huenda akakaa chini ya mashine ya kuigiza. Alikubali hilo akiwa na akili zake timamu. Kwa hiyo hakudanganywa na daktari hata kidogo. Aliyemdanganya ni wewe, na umemdanganya na daktari pia, kwa sababu mtu anayechambua vifungo sebuleni kwako hajasafiri.

Nimekukaripia, sasa nisikie na upande wa pili. Ile habari ya sufuria nimeirudia mara mbili. Umeibeba peke yako muda mrefu, na nadhani ndiyo iliyoificha barua, wala si woga wa mama kuvunjika. Unaogopa kuwa wewe tena utakayemwambia neno baya kuhusu kichwa chake. Mwanangu, barua ya daktari haina tusi ndani yake, na mtoto anayefunga kazi yake asubuhi kumi ili mama asibanwe garini hahitaji kuambiwa na mimi kama ana upendo.

Mimi si daktari, kwa hiyo kabla ya kukujibu nilimuuliza mmoja anayeshughulika na ubongo. Ameniambia jambo hili la sumaku bado linachunguzwa. Wapo wazee waliopata nafuu ya kumbukumbu kwa muda, wapo ambao hawakuona tofauti, na ndiyo maana wanagawa makundi mawili, wajue nafuu ipi imeletwa na sumaku na ipi imeletwa na mengine. Nikamuuliza, “Na aliyepata nafuu bila sumaku, nafuu yake ni ya uongo?” Akasema nafuu ni nafuu. Huenda ni matumaini, huenda ni kutembea, huenda ni ule mtihani aliouzoea, huenda ni kuwa na mtu wa kuongea naye. Yeye hajui, mimi sijui, na wewe usijifanye unajua. Usije ukamwambia mama kwamba matembezi yako ndiyo dawa. Mwambie unachokijua, basi.

Fanya hivi. Kesho asubuhi, kabla hujagusa cherehani, mpigie daktari umwambie mama hakusafiri, na kwamba atajibu mwenyewe. Usitunge sababu. Kisha chagua saa ya mchana ambayo mama amepumzika na hakuna mteja. Mwekee bahasha na miwani yake mezani, umwambie ilikuja lini na kwamba uliificha. Halafu nyamaza. Usimsomee, usimfafanulie, usianze kumpa pole kabla hajakwambia kama ameumia. Mwache asome kwa kasi yake. Akikasirika, kasirikiwa. Akiuliza usichokijua, mwende wote kwa daktari akaulize kwa mdomo wake.

Kama ataitaka sumaku au ataikataa, hilo ni lake. Kama atasimama mbele ya wastaafu au hatasimama, ni lake pia, na ukimnyima ukweli utakuwa umemnyima nafasi ya kuchagua la kusema. Mume wako ana huruma, lakini amekosea. Aifunge ile bawaba.

Na barua zake kuanzia sasa afungue mwenyewe. Akizipoteza, mtazitafuta pamoja.

Mshauri wako

*

Wiki saba baadaye nilipokea bahasha yenye mwandiko mwingine, herufi kubwa zilizonyooka. Naichapisha kama ilivyo, kwa ruhusa ya wote wawili.

Ndugu mshauri,

Mimi ni mama wa Fundi wa Sare. Gazeti lako binti yangu alinipa mwenyewe baada ya mambo kwisha, nikasoma aliyoandika na uliyomjibu, nami nimeona nina haki ya kuongea kwa kuwa kichwa kinachozungumzwa ni changu.

Alifanya ulivyomwagiza. Ilikuwa Jumapili mchana, akaweka bahasha na miwani mezani, akaniambia ilikuja lini na ilikuwa wapi, akakaa kimya, na kwa anayemjua, kukaa kimya kwake ni adhabu. Nilisoma mara mbili. Nikasema, “Kumbe.” Akaanza kulia.

“Mama nisamehe, niliogopa utavunjika.”

“Mimi nimesafiri kwa dada yako nikarudi bila hata kufunga begi,” nikamwambia. “Nitavunjwaje na karatasi?”

Akainua uso. “Ulisikia?”

“Mwanangu, nimelipwa miaka thelathini na moja nisikie.”

Basi nikamweleza ambalo sikuwa nimemweleza. Siku ya nne ya ile mashine, kwenye benchi la kusubiri, nilikaa na mzee mmoja fundi saa aliyekuwa kwenye utafiti uleule. Akaniambia kifaa kikigonga, nyusi yake inaruka yenyewe na ngozi ya kichwa inamfinya. Mimi nilikuwa sifinywi na chochote, siku nyingine nilikaribia kusinzia. Sikujua kwa hakika, lakini nilihisi. Binti yangu akaniuliza kwa nini sikusema. Nikamwambia, “Ningesema, ungerudi kwenye cherehani.” Tangu aolewe sikuwahi kumpata asubuhi kumi mfululizo. Zile dakika themanini kwa siku nilizitaka kuliko sumaku.

Kwa hiyo na mimi nilificha, iandike hiyo. Na hiyo hadithi ya waya kusafishwa, nilianza kuisema kwa sababu watu waliuliza na ilikuwa rahisi kuisema, halafu nilivyoirudia nikaanza kuiamini, kwa kuwa nilitamani iwe kweli. Barua haikuniumiza sana. Kilichoniumiza ni kwamba ilikuwa imefunguliwa. Nilinuna siku mbili, yeye akanipisha, ya tatu nikamwita tukanywa chai.

Anasema siku ya sufuria aliniambia neno baya. Mimi silikumbuki. Nimekaa nikalitafuta, halipo. Nimemwambia kuna vitu sumaku isinirudishie, na yeye aache kuvitunza.

Kwa wastaafu nilisimama, na gauni nililivaa. Niliwaambia nilikaa siku kumi chini ya mashine isiyo na kitu ndani, nikaona nafuu, na sababu siijui. Mmoja akauliza, “Sasa wewe umepona au hukupona?” Nikamjibu sijasema nimepona, nimesema nimerudi kwenye mkutano. Walicheka. Wanne walichukua namba ya daktari, na niliwasomea kutoka kichwani.

Sumaku yenyewe niliitaka, nikaenda. Safari hii nyusi iliruka mpaka mtaalamu wa mashine akadhani namkonyeza, maskini akaangalia pembeni. Kichwa kiliniuma kidogo siku mbili za mwanzo. Mtihani wa sura nimepanda maneno matatu, daktari anasema ni mapema kusema lolote, na ameniambia bila kuzunguka kwamba umri wangu utaendelea kuchukua vyake. Nilimshukuru kwa kuniambia mimi, akinitazama mimi. Juzi nilitia funguo kwenye sukari. Tulizitafuta wote hadi kuzipata.

Ulimpa binti yangu ushauri mzuri, na nyumba yetu imetulia. Lakini nina neno na wewe. Nilipokuwa na simu yenye habari nzito ya kumuunganishia mtu, kabla ya kuchomeka waya nilimuuliza kwanza kama amekaa. Binti yangu alilisoma jibu lako akiwa amesimama, mkasi mkononi, na hapakuwa na mtu karibu.